Mazda Roadster yenye pawa stelingi na isiyo nayo: ipi inafaa barabara za Arusha na Moshi?

Anayetafuta Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1989 kwa jina la Eunos Roadster na inayofahamika kwingineko kama MX-5, hukutana na swali ambalo mnunuzi wa Corolla au Harrier hana sababu ya kujiuliza: achukue yenye pawa stelingi au isiyo nayo? Kiwanda kilitoa gari hilo kwa namna zote mbili. Toleo la bei ya chini lilikuja na usukani mtupu, yaani stelingi ngumu kama tunavyoiita mitaani, na aliyeongeza fedha alipewa pampu ya haidroliki, yaani inayotumia shinikizo la oili, ya kumsaidia kugeuza. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na magari ya aina zote mbili bado yanapatikana kwa wanaoagiza kutoka Japani, kwa hiyo anayeulizwa swali hili anaulizwa kuhusu fedha zake.

Nimepata nafasi ya kuyaendesha yote mawili kwa kufuatana, moja la rafiki yangu anayeishi Njiro, Arusha, ambalo halina pawa, na jingine la shemeji yangu wa Moshi, ambalo lina pawa. Yote yana injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi takriban 120, gia tano za mkono, na tairi nzima za ukubwa wa kiwandani, 185/60 juu ya rimu za inchi 14, hivyo tofauti niliyoisikia mikononi ni ya usukani wenyewe. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa mtu ambaye Roadster ndiyo gari lake la kila siku hapa kwetu, pawa stelingi ya haidroliki inastahili gharama yake, na sababu kubwa si ile inayotajwa na wengi.

Wengi husema kazi ya pawa stelingi ni kurahisisha kuegesha. Ni kweli, na kwa gari zito hiyo peke yake inatosha. Lakini Roadster lina uzito wa chini ya tani moja, na injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, kiasi kwamba uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Magurudumu ya mbele hubeba takriban kilo 500 tu. Gari likianza kutembea, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, usukani mgumu hulainika mara moja na mtu mzima mwenye afya hataulalamikia.

Faida kubwa ya pawa imefichika ndani ya raki, yaani chuma chenye meno kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza magurudumu ya mbele. Raki isiyo na pawa ya gari hili ina uwiano wa 18 kwa 1, maana yake ili gurudumu la mbele likate digrii moja, usukani lazima uzungushwe digrii 18. Raki yenye pawa ina uwiano wa 15 kwa 1. Kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, usukani mgumu huzunguka takriban mara 3.3, na wenye pawa takriban mara 2.8. Bila pampu, njia iliyobaki ya kumpunguzia dereva uzito ni kumwongezea mizunguko. Kwa hiyo anayenunua usukani mgumu akiamini kwamba ananunua usukani mkali zaidi, kwa hakika ananunua ule ulio mpole zaidi kuitikia mkono. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nami naliona kuwa ndilo la msingi katika mjadala mzima.

Tofauti hiyo ya namba inaonekana vizuri kwenye mpando wa Mto wa Mbu, pale barabara ya Karatu inapouacha uwanda wa chini na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Kona zile zinafuatana kwa karibu, na nyingine zinajikunja zaidi kadiri unavyoingia ndani yake. Kwa gari la shemeji, mikono yangu ilikaa mahali pake, kushoto na kulia mwa usukani, karibu kona zote. Nilichohitaji ni kukunja viwiko. Kwa gari la Njiro nililazimika kubadilisha mikono katika zile kona kali zaidi, na wakati mkono mmoja unahama, mwingine peke yake ndio unaobeba uzito wote wa gari lililo katikati ya kona, tena upande wa pili kuna gari la watalii linashuka. Sikuona hatari yoyote, lakini niliona kazi, na kazi hiyo iliniondoa kwenye kufikiria mstari wa kona na gia ya kutokea.

Baada ya kusema hayo, lazima niutendee haki usukani mgumu, kwa sababu unatoa kitu ambacho sijakipata kwenye gari jingine lolote nililoendesha kaskazini hii. Mahali pa kukionja ni barabara ya Himo hadi Marangu, asubuhi mapema, kabla ya daladala kuwa nyingi. Lami pale inapita katikati ya migomba, na sehemu zenye kivuli hubaki na unyevu hata jua likiwa limeshatoka. Ukiingia kwenye kona yenye kivuli kwa gari la Njiro, unasikia lami kavu inavyopokelewa na lami yenye unyevu: usukani uliokuwa unajaa mkononi unapungua uzito, kisha unarudia uzito wake ukitoka kivulini. Hakuna taa iliyowaka wala tairi lililolia. Mkono umejua tu.

Jambo hili lina sababu yake ya kiufundi, na ni vizuri ielezwe, maana wengi hulisifu bila kulielewa. Tairi linapokata kona, sehemu yake inayogusa lami hujipinda kidogo, na nguvu inayolishikisha barabarani hutenda nyuma kidogo ya katikati ya mguso huo. Umbali huo mdogo, pamoja na kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia, ndio unaoufanya usukani utake kurudi katikati wenyewe. Ukiongeza kona, uzito mkononi unaongezeka. Lakini tairi likikaribia kikomo cha mshiko wake, sehemu ya nyuma ya mguso ndiyo inayoanza kuteleza kwanza. Ule umbali unafupika, na usukani unalegea kabla tairi halijaachia kabisa. Kulegea huko ni onyo, na linakuja mapema vya kutosha kwa dereva kupunguza mafuta. Katika usukani mgumu onyo hilo linafika likiwa zima, kwa sababu kati ya tairi na kiganja kuna vyuma tu.

Je, haidroliki inalifuta onyo hilo? Hapana, na hapa natofautiana na wale wanaosema pawa stelingi huua gari la spoti. Haidroliki hulipunguza. Ndani ya raki yenye pawa kuna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo unapogeuza usukani, na kujipinda huko ndiko kunakofungua vali inayoruhusu oili yenye shinikizo isukume upande mmoja wa pistoni. Nguvu inayotoka kwenye tairi bado inarudi kwenye usukani kupitia kijiti hichohicho, ila imepunguzwa ukubwa. Kwenye barabara ya Marangu, gari la shemeji liliniambia habari zilezile za kivuli na unyevu, kwa sauti ya chini zaidi. Dereva makini atazisikia. Anayeendesha huku akizungumza na abiria wake huenda zikampita.

Upande mwingine, kuna habari ambazo dereva hazihitaji hata kidogo, na usukani mgumu hauchagui. Barabara kuu ya Arusha hadi Moshi ina matuta na rasta karibu kila kijiji, na ukipita Kwa Sadala kuelekea daraja la Kikafu, pale mteremko unapoanza, lami imebonyea kwa magurudumu ya malori. Kwenye gari la Njiro kila rasta ilipiga kiganja, na kwenye ile mibonyeo usukani ulijivuta wenyewe kushoto na kulia, ukataka kushikwa kwa nguvu wakati wote. Haidroliki ina tabia ya kumeza mapigo ya namna hiyo, kwa sababu oili iliyomo ndani ya raki inazuia pistoni isirushwe ghafla. Mtu anayesafiri kati ya miji hii miwili mara kwa mara atafika akiwa na mabega yaliyotulia zaidi katika gari lenye pawa, na dereva aliyetulia ndiye anayekumbuka kupunguza mwendo hadi 50 kabla ya kibao cha kijiji.

Mjini sina mengi ya kusema. Kuingiza gari la Njiro kwenye nafasi finyu karibu na Soko Kuu la Arusha, au kuligeuza jirani na soko la Mbuyuni kule Moshi huku mikokoteni ikisubiri upite, ni kazi ya mikono miwili na pumzi. Inavumilika ukijifunza kutogeuza usukani gari likiwa limesimama kabisa. Liache litembee hata kidogo, kisha geuza. Mwenye maumivu ya bega au ya kifundo cha mkono asidanganywe na mtu, achukue lenye pawa.

Nililinganisha pia na Toyota 86, gari lililotoka mwaka 2012, kwa kuwa wapo wanaosema kwamba ukitaka pawa stelingi afadhali uchukue ya kisasa ya umeme. Usukani wa 86 ni mkali zaidi ya yote mawili, uwiano wake ukiwa takriban 13 kwa 1, na gari linageuka unapolitaka ligeuke bila kusita. Ni mfumo mzuri wa umeme, na mota yake haili nguvu ya injini pale usukani unapokuwa umenyooka, tofauti na pampu ya haidroliki inayozungushwa na mkanda wakati wote. Lakini kwenye zile kona zenye kivuli za Marangu, uzito mkononi ulibaki vilevile, lami kavu na lami yenye unyevu. Uzito huo umepangwa na kompyuta kwa kusoma kipima nguvu kilichomo kwenye usukani, na mambo madogo yanayotoka kwenye tairi hupotea njiani. Mshiko wa gari nilikuja kuusikia kupitia kiti, mkono ukiwa haujaambiwa kitu. Gari la 86 lina uzito wa zaidi ya kilo 1,200 na tairi pana zaidi, hivyo kulitengeneza bila msaada wowote kungekuwa kumtesa dereva. Silaumu uamuzi wa kiwanda. Nasema tu kwamba anayehama kutoka Roadster yenye haidroliki kwenda 86 ataongeza ukali na kupoteza mazungumzo.

Uzito, kwa kweli, ndio unaoamua suala hili kwa magari yote. Lotus Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na uzito wa kilo 725 hivi, na kuiongezea pawa kungekuwa kuiharibu. Alfa Romeo 4C iliyotoka mwaka 2013 ilithubutu kukaa bila pawa katika zama za umeme kwa sababu hiyohiyo ya wepesi. Porsche 911 iliishi bila pawa stelingi tangu ilipozaliwa miaka ya 1960 hadi toleo la 964 lililokuja mwaka 1989, na iliweza kwa kuwa injini yake iko nyuma kabisa na pua yake ni nyepesi. Honda NSX ya mwaka 1990 ilikuwa na msimamo wa kipekee: ya gia otomatiki ilipewa pawa ya umeme, ya gia za mkono ikaachwa bila, na baadaye nayo ikapewa. Roadster limekaa mpakani kabisa, na ndiyo maana kiwanda kiliweza kuliuza kwa namna zote mbili bila kudanganya upande wowote.

Sasa nije kwenye jambo linalonisikitisha, nalo ni tabia ya kung'oa pampu. Mtu ananunua Roadster yenye pawa, anasoma kwamba usukani mgumu una hisia nzuri zaidi, kisha anampelekea fundi gari ili pampu itolewe. Nimeliona gari moja la namna hiyo lililofanyiwa kazi hiyo katika gereji moja mjini: pampu imetolewa, mipira ya oili imekatwa na kuunganishwa kwa klipu, mwenye gari ameambiwa kazi imekwisha. Usukani wake ulikuwa mzito kuliko wa gari la Njiro, na juu ya uzito huo ulikuwa na ulegevu pale katikati. Fundi wa shemeji, mtu mtaratibu aliyezeeka na magari ya Kijapani, alilitazama na kusema, "Kaka, kutoa pampu ni kazi ndogo. Ila ukiishia hapo, ile ya pawa huna tena, na ile ngumu hujaipata."

Alikuwa sahihi kabisa. Raki iliyobaki ni ileile ya uwiano wa 15 kwa 1, iliyokusudiwa kusaidiwa, kwa hiyo lazima iwe nzito kuliko ya 18 kwa 1. Pistoni na sili zake, yaani mipira inayozuia oili isipite, bado ziko ndani, zinasugua na kusukuma oili iliyokwama. Kile kijiti kinachojipinda bado kinajipinda, ila sasa hakifungui kitu, na ndicho kinacholeta ulegevu ule. Wenye kuifanya kazi hii kikamilifu hufungua raki yote, huondoa sili za pistoni, na huchomelea kijiti kisijipinde tena. Siwezi kumshauri mtu akampe mchomeleaji wa mtaani kipande cha chuma ambacho kikikatika gari halina usukani. Anayetaka usukani mgumu na anunue gari lililozaliwa nao, au aagize raki nzima ya kiwandani isiyo na pawa na kuifunga kama ilivyo.

Tena kabla ya kuulaumu usukani wowote, mgumu au wa pawa, tazama kwanza tairi na rimu. Roadster nyingi hufungwa rimu za inchi 16 au 17 zinazotokeza nje ya bodi, na pia usukani mdogo wa kununua. Rimu inayotokeza huliweka tairi mbali na mhimili wake wa kugeukia, hivyo kila shimo linapata mkono mrefu wa kuuvuta usukani, na usukani mdogo unampunguzia dereva nguvu ya kushindana nao. Gari la Njiro lilikuwa hivyo lilipofika nchini. Lilipofungwa tena rimu za inchi 14, likabadilishwa boljointi na kupimwa alaimenti upya, kasta ikiwekwa sawa kushoto na kulia, uzito ulipungua na usukani ukaanza kurudi wenyewe katikati baada ya kona. Kama lako lina usukani unaokuchosha, anzia hapo kabla hujafikiria kutafuta pampu.

Kuhusu matunzo, haidroliki ya gari hili ni rafiki wa mafundi wetu. Inatumia oili ya ATF, ile ya gia otomatiki, inayopatikana katika maduka ya vipuri, mkanda wa pampu ni huohuo unaozungusha kompresa ya kiyoyozi kwa magari yenye kiyoyozi, na ugonjwa wake wa kawaida, yaani kuvuja, unaonekana kwa macho. Pawa ya umeme ya 86 haivuji na haidai chochote kwa miaka mingi, lakini siku kipima nguvu kikikosea utahitaji mashine ya kusoma kompyuta na fundi anayeielewa.

Ukienda kukagua Roadster yenye pawa, usiridhike na wepesi wa usukani. Washa injini, geuza polepole hadi mwisho wa kila upande, na usikilize: mlio mwembamba ukiwa mwishoni kabisa ni wa kawaida, mngurumo unaoanza mapema zaidi si wa kawaida. Kisha ingia chini ya gari na uminye zile kava za mpira zilizo kwenye ncha mbili za raki. Zikiwa kavu na laini, endelea na mazungumzo ya bei. Zikiwa zimejaa oili ndani, sili za raki zimekwisha, na gharama ya raki nyingine iondolewe kwenye bei kabla hujatoa fedha.